Nani Kaiachia Kamba Kwanza

Walionifikisha kwenye maji yale nawajua wote. Majina siandiki, Kyela ni ndogo, kila mmoja akisoma hapa atajikuna panapomuwasha. Wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi aliyetunga kitabu. Wa pili ni mwenye banda la video pale Mbugani. Wa tatu ni baba mkwe wangu, Mungu amlaze anapostahili. Wa nne ni ninyi mliolipa kiingilio mkajaza mabenchi, mkawa mnatafuna vitumbua vyangu huku mkiamua nife vipi. Kuna na wa tano, lakini huyo tutamfikia.

Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali sahihisheni kimoyomoyo. Msije nyumbani kwangu na kalamu nyekundu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa, wanunuzi wa kokoa wakaja na mizani zao wenyewe, na makarani waliokuwa wakitupimia zamani wakapunguzwa kazi. Karani mmoja, badala ya kurudi kijijini kulima mpunga kama wenzake, alinunua jenereta, televisheni na deki, akajenga banda la mabati. Ndani mabenchi, mbele zulia jekundu lililotundikwa ukutani ili ionekane ni mahali pa heshima. Mkanda ukianza, kijana wa Mbeya alishika kipaza sauti akatafsiri. Kizungu hakukijua. Alijua kitu kimoja tu, ambacho kila mtu mle ndani alikijua: stelingi hafi. Stelingi hata akitumbukizwa baharini na jiwe shingoni, subiri kidogo, atatoka amelowa na amekasirika.

Mimi nilikaa mlangoni na karai langu. Kitumbua cha mchele wa Kyela hakihitaji kutangazwa.

Jenereta la karani lilikuwa na tabia ya kufa katikati ya ngumi. Hapo watu wangedai kiingilio chao. Ndipo Mwalimu alipopata kazi. Alikuwa ametunga riwaya kwenye madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na karani alimruhusu aisome wakati fundi anapuliza plagi. Riwaya yenyewe ilikuwa ya mwaka elfu mbili na mia moja. Nchi inatawaliwa na televisheni moja kubwa kama mlima. Kila asiye na kazi anakamatwa na kutiwa kwenye mchezo: wanashikilia waya mrefu juu ya bahari, anayeachia anaangukia kwenye mashine yenye meno. Watazamaji wako majumbani kwao, kila mmoja na kitufe chake, wanachagua mateso. Nani aletewe nyuki. Nani aletewe mama yake alie mbele yake.

"Mwalimu," mzee mmoja alimkatiza, "mwaka huo hapa Kyela umeme upo?"

"Upo."

"Usiokatika?"

"Usiokatika kabisa."

"Basi hicho kitabu ni uongo. Endelea."

Wakacheka, lakini walinyamaza alipoendelea. Mimi nje niliacha kugeuza vitumbua, vikaungua. Nasema ukweli: Mwalimu alijua kutunga. Na siku jenereta lilipowaka katikati ya sura, watu wakapiga kelele lizimwe. Karani alikuwa amesimama karibu nami. Nikamwona macho yanavyomzunguka kama ya mtu anayehesabu magunia.

"Mwalimu," alimwambia walipotoka, "kwa nini tusubiri mwaka elfu mbili na mia moja?"

"Lakini mle watu wanakufa, bwana."

"Wa kwetu wataachia kamba, watalowa, watakwenda kwao. Wewe niandikie sheria tu."

Na Mwalimu akaandika. Hakusukumwa. Aliandika sheria zake kwa mwandiko wa ubaoni, akapigia mstari. Yeye husema alishawishiwa. Mimi nilikuwepo, sikuona mtu akimshika mkono.

Zawadi ya atakayebaki wa mwisho kwenye kamba ilikuwa cherehani. Nyeusi, ya miguu, maua ya dhahabu ubavuni. Karani aliiweka mbele ya zulia jekundu, akaifuta vumbi kila asubuhi kwa leso yake mwenyewe. Sasa nieleze kwa nini mwanamke mwenye akili timamu aliingia ziwani kwa ajili ya cherehani.

Mume wangu alikwenda Chunya kutafuta dhahabu. Aliaga kwamba anakwenda kwa msimu mmoja. Dhahabu hakuipata na njia ya kurudi nayo akaikosa. Mimi nikabaki Busale, kwenye uwanja wa baba yake, napalilia mpunga wa baba yake. Na kwetu Wanyakyusa, asiyejua ajue, mke wa mtoto humwogopa baba mkwe. Si kumheshimu tu, la. Hamkutani. Ukimsikia anakuja njiani unaingia porini, unainama, unajifunika kichwa. Jina lake hulitamki. Uso wake huutazami. Miaka saba tuliishi uwanja mmoja, na uso wa yule mzee niliuona mara moja, siku ya mahari, nao ulikuwa umegeukia ng'ombe. Nilimjua kwa kikohozi. Nilimjua kwa makatambuga yake ya tairi yakiburuta kokoto. Akitaka kunisema, alisimama nyuma ya nyumba na kumwambia mama mkwe kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie yule, mwanamke akiwa na cherehani hana mume tena."

Hapo nikajua kumbe cherehani ndiyo dawa. Nikiipata, napanga kibaraza sokoni Kyela, nashona, Busale nasahau. Nikiikosa, nitapalilia mpaka nizikwe palepale kando ya tuta.

Tuliingia majini Jumamosi ya kwanza tukiwa sita, karibu na Itungi. Asiyeachia mpaka jioni alirudi Jumamosi inayofuata. Walikuwa wamechimbia nguzo mbili ziwani, kamba ya katani katikati, maji ya kifua. Ziwa letu halina adabu. Hatua tatu una mchanga chini ya miguu, ya nne huna. Kwa hiyo kuliwekwa mtumbwi na wanaume wawili wakipiga debe, kufukuza mamba na kumwokoa atakayezidiwa. Hilo la mtumbwi Mwalimu aliliandika kwenye sheria, nampa haki yake. Karani alikuwa na kamera begani, kubwa kama mtoto wa miaka miwili, na alikuwa akiibembeleza vilevile.

Jumapili baada ya kanisa mkanda ulionyeshwa bandani. Nilidhani nimeona watu wakijaa. Sikuwa nimeona. Jitu linajitazama lenyewe, linajinyooshea kidole: "Yule mimi! Ona, yule mimi nyuma ya mgomba!" Na mbele, chini ya televisheni, kulikuwa na vyungu vya Wakisi, kimoja kwa kila adha. Ukitaka fulani apewe adha fulani, unatupia mbegu ya kokoa chunguni. Ndicho kitufe chetu. Wakati ule nchi nzima ilikuwa ikizungumza vyama vingi, na nawaambieni, uchaguzi wa kwanza wa kweli Kyela ulikuwa ule. Karani hakuiba kura hata moja. Alizianika juani akaziuza.

Mfinyanzi wa Kikisi, mmoja wetu sita, aliachia kamba mapema sana. Nilimwonea huruma mpaka nilipogundua alikuja kuuza vyungu tu. Mlevi alitoka kwenda haja akasahau kurudi. Mwimba kwaya aliimba mpaka sauti ikaisha, akasema Roho amemwambia atoke. Muuza samaki aliumwa na kitu mguuni. Mpaka Jumamosi ya tatu tulibaki wawili: mimi na fundi baiskeli, bwana mkimya mwenye vidole kama koleo.

Jumapili ya kabla yake vyungu viliulizwa: fundi afanywe nini, na mama vitumbua afanywe nini? Adha ya fundi waliipata haraka. Kwangu watu walikuna vichwa. Pilipili? Nimezoea moshi. Njaa? Wanawake tumeizoea. Ndipo sauti ya nyuma, ya mwanamke, tena mteja wangu, namjua, aliyekuwa akichukua vitumbua vitano na kudai cha sita, ikasema:

"Mleteni mkwewe."

Banda likalipuka. Watu walipigana mabega kwa kicheko. Karani akaleta chungu kipya, na kokoa zikanyesha kama mvua ya masika. Mimi nilikuwa mlangoni na karai. Walipita mbele yangu wakitoka, wengine wakiniambia "Ugonile, mama," kwa adabu zote, wakanunua na vitumbua.

Karani alipokwenda Busale alitegemea mkuki. Alimkuta mzee ameshaoga, amevaa kaptula, anangoja. Habari ilikuwa imemtangulia. Mzee hakutaka kuwa adha ya mtu. Alitaka kuingia mchezoni.

"Nikibaki mimi, cherehani ni yangu?"

"Ni yako, mzee."

"Basi twende. Yule hatakaa maji mamoja na mimi."

Maneno hayo nililetewa na mama mkwe, akicheka na kulia kwa pamoja. "Mwanangu," aliniambia, "mimi ningekuwa wewe ningeumwa tumbo." Mzee alijua silaha yake. Wengine wana mkuki, yeye alikuwa na uso.

Jumamosi hiyo ufuko wote ulijaa. Kwanza walimmaliza fundi. Walileta baiskeli mpya ufukweni, wakampa mtu asiyejua kazi aifungue mbele ya macho yake. Yule mtu alianza kupiga nati kwa jiwe. Fundi alivumilia nati ya kwanza. Ya pili akafumba macho. Ilipofika spoki, aliachia kamba, akatoka majini akibubujikwa na matusi, akampokonya spana. Akakaa palepale mchangani kuifunga ile baiskeli upya, na kamera hakuiangalia tena.

Nikabaki peke yangu. Ningekuwa nimeshinda, si ndiyo? Lakini nikasikia kikohozi.

Nilikuwa na khanga ya pili kiunoni. Niliifungua kwa mkono mmoja, nikajifunika kichwa na uso wote, nikampa mgongo, nikainama mpaka maji yakanifika kidevuni. Mkono wa kulia haukuachia kamba. Nikasikia maji yakipasuka, makatambuga hayakuwepo, ila kikohozi kilisogea, kisha kamba ikatikisika upande wa pili. Ameishika.

Ufukweni bibi wazima waligeuka mahakimu.

"Atoke! Mkwe yuko majini!"

"Kwani ziwa ni uwanja wake? Ziwa la Mungu!"

"Amejifunika, hajamwona, hana kosa."

"Na maji yanayomgusa mzee ndiyo yanayomgusa yeye! Hilo mnalisemaje?"

"Basi na samaki usile, wamemgusa mkweo wa Malawi!"

Nilicheka ndani ya khanga, nikameza maji. Muda ukaenda. Upepo wa mchana wa kusini ukaanza kuinua mawimbi. Khanga ilinigandia puani, ikawa kupumua ni kazi. Sikuona chochote ila maua mekundu ya kitambaa. Kumbe wakati huo karani alikuwa amewapungia wenye mtumbwi wasogee pembeni. Wasogee, tena mbali, kwa sababu mtumbwi unaharibu picha: unaingia kati ya kamera na mimi. Hilo nililijua baadaye. Wenye mtumbwi wakapanda ufukweni, wakaomba sigara.

Watu wakaanza kupiga kelele. Niliwasikia, nikadhani wananizomea. Kamba ikawa nzito, ikanivuta, nikasema moyoni, mzee huyu ananivuta kwa hila, na mimi nikavuta kwangu. Kisha ikalegea. Ikanijia mikononi nyepesi kabisa, kama ya ng'ombe aliyekata.

Ufukweni walikuwa wakicheka. Naapa. Watu mia kadhaa walimwona mzee akizama na kuibuka, wakashangilia, maana kamera ipo, mkanda unazunguka, na stelingi hafi. Mtu mmoja aliyetaka kuingia majini alishikwa shati na karani: "Acha! Acha kwanza, picha nzuri!"

Ni mama mkwe aliyeniita. Aliniita kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine mpaka leo, wala si maneno. Nikaivua ile khanga.

Uso wake ulikuwa pale, mkono mmoja kutoka kwangu, macho yakifumba na kufumbua. Ni uso mdogo. Nilishangaa hilo. Kwa kikohozi kile nilitarajia mtu mkubwa. Alikuwa anafanana na mume wangu akiwa amelala.

Sasa, ningependa kuwaambia nilimrukia hapohapo. Nilisita. Miaka saba ya kuingia porini haitoki mwilini kwa mara moja. Miguu yenyewe ilitaka kugeuka. Nikasita kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Ndipo nikaachia kamba, nikamshika mkanda wa kaptula. Akanishika shingo, akanipanda, tukazama wote, hatua ile ya nne. Niliuma mkono wake. Nilimuuma baba mkwe wangu kama mbwa, akaniachia koo, nikamvuta kwa nywele mpaka mchanga ukarudi chini ya miguu.

Alilala kifudifudi akitapika ziwa. Alipofungua macho aliniona nimemwinamia, sina khanga, nywele nje. Akasema, tena kwa sauti ya kukwaruza:

"Ondoka hapo. Unanitazama."

Ndilo neno pekee alilowahi kuniambia bila kupitia kwa mkewe.

Karani alitangaza kwa kipaza sauti: wote wawili wameachia, hakuna mshindi, cherehani inarudi bandani. Nilikuwa nimechoka mno kumtukana. Mzee alipelekwa nyumbani na kifua kinachochemka. Hospitali walimpa dawa, akazimeza. Wiki mbili baadaye akafa.

Msiba wake ulikuwa mkubwa, ng'ombe walichinjwa, ngoma ililia. Na watu walikula nyama huku wakinong'ona kwamba sikuzama mimi, nimemzamisha yeye; mzee wa watu hakufa kwa maji, amekufa kwa kutazamwa. Shemeji zangu walidai ng'ombe wa kusafisha jicho langu. Ng'ombe sikuwa naye. Mwalimu alikuja, akakaa kando yangu, akasema, "Kwenye kitabu sikufikiri kama kuna mtu angeiachia kamba kwa ajili ya mwenzake." Nikamwambia, ndaga, asante, Mwalimu, kakiandike upya. Karani alikuja na kamera. Alipiga picha msiba wote.

Kisha akatangaza mkanda, banda likajaa watu kama mbu. Nilikwenda. Nilinunua kiingilio kama mtu yeyote, nikaingia ndani kwa mara ya kwanza, nikakaa benchi la mbele. Uso wa mzee ulipotokea kwenye kioo, mkubwa, unaingia majini, wanawake wote waligeuka kunitazama. Mke wa mtoto mwenye adabu angejifunika na kutoka. Bibi mmoja akaninong'oneza, "Mwali, inuka basi." Sikuinuka.

Nikaona nilichofichwa na khanga. Nikaona kwamba yule mzee, aliyekuja kunifukuza kwa uso wake, alikuwa amenipa mgongo. Muda wote. Alisimama akitazama Milima ya Livingstone, akitetemeka meno, asigeuke hata mara moja. Aliniogopa na yeye. Tulikuwa wajinga wawili tuliopeana migongo juu ya kamba moja.

Kisha mawimbi, kisha kichwa chake kikaenda. Na mkono wake ukaonekana wazi, umefunguka, hauna kamba. Wa kwangu bado umeshika.

"Mzee kaachia kwanza!" mtu akapiga kelele nyuma. "Mama vitumbua alikuwa ameshika! Rudisha!"

"Rudisha! Rudisha!"

Karani hakutaka, lakini banda lilikuwa linatikisika. Akarudisha. Na mzee akainuka kutoka majini kinyumenyume, kifua kikakauka, mkono ukajifunga kwenye kamba, akasimama mzima akitazama milima yake. Halafu akaachia tena. "Kaachia! Kaachia!" Watu walipiga makofi. Wakadai mara ya pili, akafufuka tena, akazama tena, na hapo hata yule kijana wa Mbeya alisema kwenye kipaza sauti kwamba mwanamke kashinda kihalali. Karani alijifuta uso kwa ile leso ya cherehani, akasema sawa, nimeona, yaishe, mchukue.

Ilikuwa imekwisha. Cherehani ilikuwa yangu. Na hapa ndipo panapomhusu wa tano.

Maana banda lilikuwa limeanza kutulia, mtu wa kwanza alikuwa ameshainuka kutoka, na sauti moja ikasema: "Rudisha mara nyingine." Walishangaa, maana sauti ilikuwa yangu. Hakuna aliyeuliza sababu, karani akarudisha, na mzee akatoka majini mara ya tatu. Mara hii sikuutazama mkono wake. Nilitazama mkono wangu, nikahesabu. Nilihesabu ni muda gani nimekaa na uso wazi, namwona, na bado nimeshika kamba. Ni mrefu kuliko pumzi moja, ninyi. Ni mrefu sana.

Nikaibeba ile cherehani kwenye baiskeli ya fundi, akinisukumia nyuma. Busale sikurudi hata kuchukua karai. Kibaraza changu sokoni mnakijua, na suruali zenu nazijua viuno vyake. Karani alisahau kunipa bobini. Sikurudi kuidai, nilinunua nyingine.